Maswali ya Wasomaji: Taya la Juu Likirudishwa Nyuma, Nini Kinaweza Kwenda Kombo?

Katika toleo lililopita nilimjibu kwa ufupi msomaji aliyetaka kujua iwapo taya la juu lililotokeza linaweza kurudishwa nyuma kwa upasuaji. Nilisema linaweza, na kwamba kazi hiyo ni ya kawaida kwa madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Jibu lile liliwaacha wengi na kiu. Barua zilizofuata hazikuuliza tena kama inawezekana. Ziliuliza juu ya madhara, na baadhi ziliandikwa na watu ambao tayari wamekwisha kufanyiwa. Nimechagua sita, nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 23. Nimevaa waya za meno kwa mwaka mmoja na miezi miwili, na sasa daktari wangu anasema waya pekee hazitatosha, kwa kuwa kilichotokeza si meno tu bali ni mfupa wenyewe. Anapendekeza ning'olewe meno mawili ya juu, moja kila upande, kisha sehemu ya mbele ya taya ikatwe na kurudishwa nyuma. Nimesoma kwamba kipande hicho kinaweza kufa kikiwa humo humo mdomoni. Mama amesema hataki kusikia tena habari hii. Je, ni kweli kinaweza kufa?

Marahaba, binti. Ni kweli kinaweza, ingawa ni nadra, na ukielewa kinachoweza kukiua utaelewa pia kwa nini mara nyingi hakifi.

Upasuaji wa taya la juu una njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kukata taya lote kwa mstari mmoja unaopita juu ya mizizi ya meno, kuanzia ukingo wa tundu la pua hadi nyuma ya mashavu, ili safu nzima ya meno ya juu iachane na uso na kuhamishwa. Mstari huo una jina la René Le Fort, daktari wa Ufaransa ambaye mwaka 1901 alichapisha majaribio yake ya kuvunja mifupa ya nyuso za maiti ili aone inapasukia wapi. Mpasuko wa chini kabisa alioueleza ndio ambao wapasuaji waliokuja baadaye waliufuata kwa msumeno. Mjerumani Martin Wassmund aliujaribu mwaka 1927, lakini hakuliachanisha taya kabisa na mifupa iliyo nyuma yake. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, Hugo Obwegeser alipoonyesha kwamba taya linaweza kulegezwa lote, likawekwa panapotakiwa bila kuvutwa kwa nguvu.

Njia ya pili ndiyo uliyopendekezewa wewe. Hapa hukatwa kipande cha mbele tu, kuanzia chonge la upande mmoja hadi chonge la upande wa pili, kikiwa na meno sita. Meno yanayong'olewa kwa kawaida ni ya nne ukihesabu kutoka katikati, na kila moja huacha nafasi ya milimita 7 hivi. Nafasi hiyo ndiyo kipande kinarudi ndani yake. Huenda ukajiuliza kwa nini lisirudishwe taya zima na meno yakaachwa salama. Sababu ni kwamba nyuma ya taya la juu kuna ukuta wa mfupa wa fuvu na mishipa minene ya damu, kwa hiyo taya zima husogea mbele kwa urahisi, lakini kurudi nyuma huenda milimita chache tu.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Kipande kilichokatwa hakibaki peke yake kama tofali lililong'olewa ukutani. Kinabaki kimeshikiliwa na nyama ya kaakaa, au ya ufizi wa mbele, au zote mbili, kulingana na mahali mpasuaji alipopitia, na damu hufika kwa njia hiyo. Kifikirie kama tunda lililo kwenye kikonyo: maadamu kikonyo ni kizima, tunda halinyauki. Kwa miaka mingi wapasuaji walihofia kwamba nyama hiyo haitoshi, mpaka Mmarekani William Bell alipoonyesha, kwa majaribio yake juu ya nyani yaliyoendelea hadi miaka ya 1970, kwamba mfupa wa taya hubaki hai na kuunga hata ukikatwa pande zote, ikiwa nyama inayoulisha haikuharibiwa.

Basi hatari iko kwenye kikonyo. Kinaweza kuchanika wakati mfupa unakatwa, hasa kipande kinapogawanywa tena katika vipande vidogo. Kinaweza kujikunja kipande kikisogezwa mbali mno kwa mkupuo mmoja. Kinaweza kubanwa na kiolezo cha plastiki ambacho huwekwa kati ya meno ili yakae sawasawa, kama kiolezo hicho kimefunika kaakaa na kuligandamiza. Mtu aliyewahi kushonwa kaakaa utotoni ana makovu, na nyama yenye kovu haipitishi damu vizuri. Kisha kuna sigara, ambayo ningeitaja mara tatu kama nafasi ingeruhusu, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ile ile inayotegemewa. Shisha na sigara za umeme zimo pia. Anayevuta aache wiki kadhaa kabla ya upasuaji na asirudie mpaka ufizi umepona. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hukwaza uponaji.

Baada ya upasuaji utamwona muuguzi au daktari akikubonyeza ufizi wa mbele kwa ncha ya kidole au kwa kijiti, kisha akiachia na kutazama. Ufizi hugeuka mweupe pale ulipobonyezwa, halafu wekundu hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukichelewa kurudi, au ufizi ukabaki umefifia, ama ukawa wa rangi ya zambarau, ujue damu inapita kwa shida. Hilo likionekana mapema kuna mengi ya kufanya: kiolezo huondolewa, nyuzi zinazobana hulegezwa, kipande huweza kurudishwa kidogo kilikotoka, kinywa husafishwa mara kwa mara, dawa za kuua bakteria hutolewa, na penye uwezo mgonjwa huingizwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa. Madhara ya ukosefu wa damu yana ngazi. Mengi huishia kwenye ufizi unaopungua kati ya meno mawili na kuacha mwanya mweusi wa pembetatu, au mzizi unaochungulia; mara chache jino moja hupotea; kupotea kwa kipande chote ni jambo la nadra sana.

Kuna madhara mengine mawili yanayohusu hasa aina hii ya upasuaji. La kwanza ni mizizi kukatwa. Msumeno hupita kwenye nafasi ya jino lililong'olewa, kati ya mzizi wa chonge na mzizi wa jino la tano, na kama mizizi hiyo imeinamiana hakuna mfupa wa kutosha wa kupitia. Kazi ya kuitenganisha ni ya daktari wako wa kupanga meno, na huifanya kwa waya kabla ya siku ya upasuaji. Una haki ya kuomba uonyeshwe picha ya eksirei na uone nafasi hiyo kwa macho yako. La pili ni tundu kati ya kinywa na pua, linalotokea nyama ya kaakaa ikichanika juu ya mfupa uliokatwa. Mgonjwa hulitambua anapokunywa maji na tone likatokea puani. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe likifunikwa kwa kibao cha plastiki na kutochokozwa. Kubwa hushonwa baadaye.

Kuhusu mama, nakushauri usishindane naye. Nenda naye siku ya miadi, akae kwenye kiti cha mbele, na amuulize daktari maswali matatu: amewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi, damu itafika kwenye kipande kwa njia gani, na ni nani atakayekuwapo usiku wa kwanza iwapo ufizi utabadilika rangi. Mzazi akijibiwa hayo waziwazi, mara nyingi huanza yeye kuuliza tarehe.

Daktari, nina miaka 31. Wiki saba zilizopita nilikatwa taya lote la juu. Shavu la kushoto na mdomo wa juu bado vimekufa ganzi. Juzi daktari wa meno karibu na kwangu aliyagusa meno yangu kwa kitu cha baridi kali, na sita hayakuhisi chochote. Anasema yamekufa na lazima atibu mizizi yote sita kabla hayajaoza. Nikubali?

Usikubali bado. Ningependa barua hii isomwe na madaktari wa meno pia, kwa sababu kosa hili hufanywa kwa nia njema.

Kipimo cha baridi humuuliza jino swali moja tu: je, neva yako inafanya kazi? Hakiulizi kama damu inafika. Kwa jino la mtu ambaye hajafanyiwa upasuaji, majibu hayo mawili huenda pamoja, na ndiyo maana kipimo kinaaminika. Kwako wewe, neva ndogo za meno ya juu hupita ndani ya ukuta ule ule wa mfupa uliokatwa, kwa hiyo wiki saba baada ya upasuaji ingekuwa ajabu kama meno yote yangeitika. Damu, kwa upande wake, imeendelea kuingia kupitia nyama ya kaakaa na ufizi. Jino lisilohisi baridi linaweza kuwa hai kabisa, na yako meno ambayo hayahisi tena maisha yote wala hayasumbui.

Jino lililokufa kweli lina dalili zake. Hubadilika rangi na kuwa la kijivu. Huuma ukilitafunia au likigongwa. Kijipu chenye usaha hutokea kwenye ufizi karibu na mzizi, au eksirei huonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi ambacho hakikuwapo kwenye picha za awali. Kama huna hata moja kati ya hizo, kinachotakiwa ni kupimwa tena kila baada ya miezi michache na kulinganisha picha. Mwitikio wa meno huweza kuchukua mwaka mzima kurudi, na mara nyingine zaidi. Jino likionyesha dalili, litibiwe hilo peke yake.

Shavu na mdomo ni habari nyingine. Neva inayohudumia ngozi hiyo hutokea kwenye kitundu chini ya jicho, na kwa kawaida haikatwi. Huvutwa na kuminywa na chombo kinachoshikilia nyama ili mpasuaji aone. Neva iliyominywa huamka polepole, na wengi huanza kusikia kama sisimizi wanatambaa mdomoni, au michomo ya ghafla kama ya sindano. Hiyo ni habari njema hata kama inaudhi. Wengi hurudiwa na hisia ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka, ingawa wapo wanaobaki na eneo dogo lenye ubutu. Kwa sasa jaribu kinywaji cha moto kwa kidole kabla ya kukipeleka mdomoni, na unaponyoa tumia kioo, kwa sababu mdomo wako hautakuambia ukijikata.

Mwanangu wa miaka 26 alifanyiwa upasuaji wa taya la juu siku tisa zilizopita. Jana usiku damu ilimtoka puani kwa dakika kumi hivi, ikakatika yenyewe. Leo asubuhi imerudia. Yeye anasema waliambiwa damu puani ni kawaida. Mimi mama yake moyo haujatulia.

Mama, barua yako sikuingoja ichapishwe. Nilikujibu siku ile ile kwamba umrudishe hospitalini bila kungoja miadi, nami naiweka hapa kwa ajili ya familia nyingine.

Mwanao hakudanganywa, ila aliambiwa nusu. Baada ya taya la juu kukatwa, sainasi za mashavuni, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mfupa, hujaa damu, na damu hiyo huchuruzika puani kwa siku kadhaa za mwanzo. Hiyo ni nyeusi au ya rangi ya kutu, ina mabonge, hutoka kidogo kidogo, na kila siku ni pungufu ya jana. Damu nyekundu mbichi inayotoka ghafla, ikakatika, kisha ikarudi baada ya wiki moja au mbili, ni kitu tofauti kabisa. Kule kukatika kwake ndiko kunakowadanganya watu.

Maelezo yake ni haya. Nyuma ya taya la juu, pale linapoungana na fuvu, mpasuaji huliachanisha kwa patasi, na juu ya pale patasi inapopita, sentimita mbili na nusu hivi kutoka chini ya kiungo hicho, kuna ateri kubwa ya taya. Tawi lake jingine hushuka kuelekea kaakaa ndani ya mfupa wenyewe unaokatwa. Moja likijeruhiwa waziwazi, huonekana pale pale mezani na kufungwa. Lakini mtaalamu wa usingizi huwa ameishusha presha ya mgonjwa makusudi ili eneo lisijae damu, na mshipa uliochubuka tu unaweza kukaa kimya mpaka presha irudi. Wakati mwingine ukuta wake uliodhoofika huvimba na kuwa kifuko kilichozibwa na bonge la damu, na bonge hilo linapoachia ndipo damu hutoka. Kila mara inaweza kutoka nyingi zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Hospitalini wataziba pua kwa bandeji maalumu, watapima kiasi cha damu mwilini, na wakishuku mshipa watapiga picha ya mishipa kwa dawa ya rangi. Mshipa unaovuja huweza kuzibwa kutoka ndani kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, bila kufungua tena uso; pasipo na huduma hiyo, mpasuaji hufungua na kuufunga.

Njiani, mgonjwa aketi wima akiinama mbele, ateme damu badala ya kuimeza, na asilazwe chali hata kidogo. Kama meno yamefungwa kwa raba au waya, kifaa cha kuzikatia kinapaswa kuwa naye muda wote: mkasi mdogo kwa raba, koleo la kukatia kwa waya. Kiwe kando ya kitanda wakati wa kulala, na kila mtu nyumbani ajue kilipo na akate zipi, kwa kuwa aliyefungwa mdomo akitapika damu hana pa kuitolea. Na hata asiyetokwa na damu asipenge kamasi kwa wiki kadhaa, na akipiga chafya aache mdomo wazi. Hewa inayosukumwa kwa nguvu hupenya kwenye mstari uliokatwa na kuingia chini ya ngozi. Shavu huvimba mara moja, na ukilibonyeza husikika likitatarika.

Je, bamba na skrubu zilizofungwa kwenye taya langu zitolewe baada ya mfupa kuunga?

Si lazima. Titani, metali ambayo bamba hizo hutengenezwa kwayo, huvumiliwa vizuri na mwili, na bamba zisizosumbua huachwa. Hutolewa zikilegea, zikiota usaha, zikichomoza kwenye ufizi, au zikiuma kila hali ya hewa inapokuwa baridi, na kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na ile ya kwanza.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Miaka miwili iliyopita nilirudishwa nyuma taya la juu. Meno yanakutana vizuri sana, lakini pua imetanuka, mdomo wa juu umekuwa mwembamba na kama umezama, na watu ambao hatujaonana muda mrefu wanadhani nimeugua. Daktari aliyenifanyia anasema upasuaji ulifanikiwa. Nani kati yetu amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea, dada yangu, kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake. Yeye anatazama meno, wewe unatazama kioo. Hata hivyo hukwenda kwake kwa sababu ya meno peke yake, na hapo nasimama upande wako.

Nianze na pua, maana maelezo yake ni mafupi. Ili kuufikia mfupa, mpasuaji hubandua misuli ya chini ya pua na ya mdomo wa juu. Misuli hiyo ikiachwa bila kurudishwa hujivuta kuelekea pembeni, na msingi wa pua hutanuka nayo. Kuna mshono unaovuta pande mbili za pua zikaribiane kabla ya kufunga kidonda, na kuna namna ya kushona upande wa ndani wa mdomo, kwa umbo la V linalogeuka Y, ili mdomo usipungue. Mishono hiyo husaidia, ingawa haizuii mabadiliko yote. Kama pua pia inaziba upande mmoja, mweleze daktari wa masikio, pua na koo: taya linapopandishwa juu bila kupunguza ukuta wa kati wa pua, ukuta huo hupinda kwa kukosa nafasi.

Mdomo ni jambo zito zaidi. Mdomo wa juu huegemea meno na mfupa, na ukiondoa egemeo unalala. Madaktari hutazama pembe kati ya sehemu ya chini ya pua na mdomo, ambayo kwa wengi huwa kati ya digrii 90 na 110; taya likirudi nyuma kupita kiasi pembe hiyo hufunguka, mdomo hubapa, meno hayaonekani mtu anapozungumza, na uso husomeka kama wa mtu mwenye umri mkubwa zaidi. Kwa kuwa mdomo hukonda wenyewe kadiri miaka inavyokwenda, kilichoonekana kizuri kwa kijana wa miaka 18 huweza kuonekana kimepitiliza anapofika 40.

Hapa niseme ninachokiamini baada ya kusikiliza malalamiko mengi ya aina hii: sehemu kubwa ya majuto katika upasuaji huu huanzia kwenye mpango, kabla kisu hakijashikwa. Watu wengi wanaoambiwa kwamba taya lao la juu limetokeza wana taya la juu la kawaida, na lenye kasoro ni la chini, ambalo ni fupi au limerudi nyuma. Ukilirudisha la juu ili lilifuate la chini, meno yatakutana bila dosari na uso utakuwa umeharibika, na nafasi ya ulimi na njia ya hewa vitakuwa vimepungua. Ndiyo sababu nakuuliza pia kama tangu wakati huo umeanza kukoroma au kuamka umechoka. Kama ndiyo, hilo lichunguzwe kwanza, kabla ya sura.

Kwa hatua ya sasa, miaka miwili imepita na uvimbe umekwisha, kwa hiyo unachokiona ndicho kilichobaki. Omba picha zako za ubavuni za kabla na baada, pamoja na eksirei za kichwa za vipindi vyote viwili, uzipeleke kwa mpasuaji mwingine bila kumwambia mwenzake alisema nini. Msingi wa pua huweza kupunguzwa kwa upasuaji mdogo. Mdomo huweza kujazwa kwa mafuta yanayotolewa mahali pengine mwilini. Kidevu kikisogezwa mbele, nyakati nyingine uso mzima hurudi kwenye mizani. Kulirudisha taya mbele kunawezekana, lakini ni upasuaji wa pili kwenye mfupa wenye kovu, na hatari zile nilizomweleza binti wa barua ya kwanza huongezeka.

Daktari, nina miaka 28. Nilifunguliwa raba za meno katika wiki ya tatu baada ya upasuaji wa taya lote la juu, na tangu siku hiyo meno ya nyuma yanagusana lakini ya mbele yameacha mwanya. Miadi yangu ni mwezi ujao. Je, yatakaa sawa yenyewe?

Usingoje mwezi ujao. Mwanya wa mbele una asili mbili, na zinatofautiana kwa wakati wa kuanza. Unaoanza polepole baada ya miezi huwa ni taya kurudi lilikotoka, kwa kusukumwa na ulimi au kwa sababu safu ya meno ilipanuliwa nayo ikajibana tena. Unaotokea siku ile ile raba zinapofunguliwa, kama wako, mara nyingi huwa ulikuwapo tangu mezani. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi misuli yake imelegea, na kama kuna kijipande cha mfupa nyuma kinachozuia taya la juu kupanda mpaka mahali pake, meno yanaweza kulazimishwa kukutana huku vichwa vya taya la chini vikiwa vimeteremka nje ya vishimo vyake karibu na masikio. Bamba hufungwa, kila kitu kinaonekana sawa, raba zinashikilia. Zikifunguliwa, misuli huvirudisha vichwa vishimoni, meno ya nyuma yanagongana kwanza, na ya mbele yanabaki wazi.

Mwanya mdogo huweza kufungwa kwa raba zinazopangwa upya na daktari wa kupanga meno. Mkubwa huhitaji kurudi chumba cha upasuaji, na kazi hiyo ni rahisi zaidi kabla mfupa haujaunga, yaani ndani ya wiki sita hadi nane za mwanzo, kwa kuwa bamba hufunguliwa na taya kuwekwa upya bila kukatwa tena. Kila wiki unayoingoja inakula muda huo. Ukifika, mwambie daktari pia kama taya la juu linacheza ukilishika kwa vidole, na kama maumivu yako mbele ya sikio. Kabla ya kwenda, jipige picha ukiwa umeuma meno ya nyuma, moja kwa mbele na moja kila upande, leo na tena baada ya siku tatu, ukisimama umbali ule ule. Picha hizo zitamwonyesha daktari kama mwanya umesimama au unaongezeka.